Kinywa Kina Kalenda Yake

Popote ulipo, iwe unafunga kibanda chako pale Kondele, hapa Kisumu, karibu na daraja la juu, iwe umekwama kwenye gari la Mamboleo, au umeshafika Manyatta na unangoja ugali uive, karibu tuzungumze. Leo nataka tuangalie kitu ambacho unacho sasa hivi na pengine hujakifikiria tangu uamke. Pitisha ulimi ndani ya shavu lako, taratibu. Umeusikia huo utando? Ni mwororo, umelowa, unateleza. Huo unaougusa sasa haukuwepo mwezi uliopita. Ule wa mwezi uliopita umeshaumeza.

Nitaanza na chakula, maana watu wa Kondele tunakitumikisha kinywa. Jioni karai zikishabandikwa, samaki ngege anatoka kwenye mafuta akiwa bado anatoa moshi, na mtu aliyeshinda na njaa hana subira ya kumpoza. Pale Obunga, jirani zetu, kina mama wamekaanga mgongo wazi kwa miaka mingi: yale mabaki ya mbuta ambaye minofu yake imechukuliwa na viwanda na kusafirishwa ng'ambo, kikabaki kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo kidogo. Mgongo wazi hauliwi kwa haraka. Unaupekua kwa vidole, unaunyonya, ulimi unatafuta nyama katikati ya mifupa, na kuna siku mfupa unakuwahi. Unachoma ufizi, damu inatoka, unatema, unakunywa maji, unaendelea kula. Kesho yake ukipagusa kwa ulimi panauma. Kesho kutwa panawasha. Baada ya siku chache unapatafuta na hupaoni. Chai ya maziwa nayo, ile ya kwanza kutoka kwenye sufuria, hukuunguza kaakaa mpaka ngozi yake ikalegea na kuning'inia. Unaisukuma kwa ulimi siku mbili tatu, halafu mambo yanatulia. Ungeungua vivyo hivyo kwenye mkono, ungekaa na alama mpaka Krismasi.

Basi kinywa kinapata wapi uwezo huo wa kupona? Na hapa ndipo ninapotaka tufike jioni hii: tutajuaje kwamba uwezo huo umeshindwa?

Utando wa kinywa umejengwa kwa seli zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Kwenye shavu unene wake wote ni karibu nusu milimita, na ndani ya hiyo nusu milimita zimo tabaka kama 40 hadi 50. Chini kabisa, pale utando unapokutana na nyama yenye mishipa ya damu, ndipo zinapokaa seli mama. Kazi ya kugawanyika ni ya huko chini. Seli mama ikigawanyika, kwa kawaida mmoja wa watoto wake hubaki chini kuendeleza ukoo na mwingine husukumwa juu. Huyu anayepanda anabadilika njiani: anajaa nyuzi ngumu za protini, anashikamana na majirani zake, kisha anaanza kulala na kuwa bapa. Akifika juu umri umekwisha. Viungo vilivyomshikilia vinalegea, chakula kinamsugua, mate yanampitia, anabanduka. Unammeza pamoja na uji wako, na aliyekuwa chini yake anachukua nafasi.

Waliosoma baiolojia sekondari huenda waliziona seli hizi kwa macho yao. Unachukua kijiti cha meno, unasugua ndani ya shavu bila kukwaruza, unapakaza ule utelezi kwenye kipande cha kioo, unadondosha tone la rangi ya buluu, unafunika, unaweka chini ya hadubini. Mwanzoni huoni kitu ila mapovu ya mate. Unazungusha kitufe polepole, na hapo zinajitokeza: vibapa vyembamba vyenye pembe zisizolingana, vingine kingo zimejikunja, na kila kimoja kina nukta ya buluu katikati, ndicho kiini chake. Ukitulia na kutazama zaidi utaona vumbi la buluu limetapakaa juu ya vibapa. Vumbi hilo ni bakteria. Na wewe uliyejisugua hukusikia maumivu yoyote, kwa sababu seli hizo zilikuwa zimeshafika mwisho wa safari. Umezitoa saa chache tu kabla hazijatoka zenyewe. Ndizo hizohizo zinazofutwa kwa kijiti cha pamba pale mahakama inapoamuru baba wa mtoto ajulikane, maana kila moja imebeba DNA yako yote ndani ya ile nukta.

Tukae kidogo hapo kwenye bakteria. Kinywa ni mahali pa joto, penye maji, penye chakula mara kadhaa kwa siku, na mlango wake uko wazi. Vijidudu vinapenda mahali pa namna hiyo. Kwenye jino vikijishika vinakaa, kwa sababu uso wa jino haubanduki. Ndiyo maana tunahitaji mswaki. Lakini kwenye shavu kijidudu kilichojishika ni kama abiria aliyepanda matatu inayoondoka mjini: seli aliyoikamata inang'oka naye, wanamezwa pamoja, na asidi ya tumbo inamaliza habari yao. Mwili unajisafisha kwa kujibandua. Nami naona hiyo ni hekima kubwa kuliko dawa nyingi za kusukutua zinazouzwa madukani.

Muda wa kazi hii ndio msingi wa yote nitakayosema. Wanaopima hawapati siku zilezile, lakini kwa shavu hesabu zao huangukia kati ya wiki mbili na wiki tatu na siku kadhaa. Seli za ladha kwenye ulimi hudumu takriban siku 10, ndiyo sababu ulimi ulioungua kwa chai hupoteza utamu wa chakula kwa muda, kisha utamu unarudi. Utumbo mwembamba una haraka zaidi, siku chache tu. Ngozi ya nje huchukua mwezi au zaidi. Ufizi na sehemu ngumu ya kaakaa, ambazo zinatafuniwa kila siku, zimejikaza kwa keratini, protini ileile ya kucha, na hizo hujibadilisha polepole kuliko shavu. Kwa upande mwingine, chini ya ulimi utando ni mwembamba sana, na ndiyo maana mgonjwa wa moyo akibanwa kifua huambiwa aiweke tembe yake pale badala ya kuimeza: dawa inapenya na kuingia kwenye damu kwa dakika chache.

Kuhusu kupona bila alama kubwa, mate yana sehemu yake. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na ndani yake kuna protini zinazopigana na vijidudu na nyingine zinazohimiza seli zisogee kuziba jeraha. Kidonda kinachokaa kwenye unyevu hakifanyi kigaga, na seli za pembeni zinatambaa kwa urahisi. Lakini kuna jambo lililogunduliwa juzijuzi ambalo mimi linanivutia kuliko mate. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa watu wazima wenye afya waliojitolea: waliwatoa kijisehemu kidogo ndani ya kinywa na kijisehemu kingine kwenye ngozi ya mkono, kisha wakafuatilia jinsi majeraha hayo mawili yalivyopona kwa mtu yuleyule. Kinywa kilitangulia kwa mbali. Walipochunguza jeni wakakuta kwamba seli za kinywa huwa zimekwisha kuwasha maagizo ya uponyaji hata kabla ya kuumizwa. Jeni moja inayoitwa SOX2, ambayo kwenye ngozi imelala, kinywani iko macho muda wote. Ngozi husubiri iumizwe ndipo ijipange. Kinywa hukaa tayari.

Wazee wetu wa kanda hii ya ziwa waliuegemea uwezo huo bila hadubini. Wajaluo walikuwa na desturi ya nak, kung'oa meno sita ya mbele ya chini kijana anapoingia utu uzima. Baadhi yenu mna babu au nyanya aliyebaki na pengo hilo, na mmeona jinsi ufizi ulivyofunga laini kama kwamba meno hayakuwahi kuwepo. Wazee husema pia kwamba pengo lile lilifaa kumpitishia mgonjwa uji taya zake zikiwa zimekaza. Siisifu desturi yenyewe. Iliuma, na imeachwa. Ninachosema ni kwamba jamii nzima ilikuwa na hakika kwamba ufizi wa kijana mwenye afya utafunga, na ulifunga.

Sasa twende Russia. Msikilizaji wa Kisumu ameshanielewa. Wewe wa mbali, nikueleze: hospitali kubwa iliyo kwenye barabara ya Kakamega, hapa kwetu Kondele, ambayo leo inaitwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na watu wameendelea kuiita Russia hadi leo. Ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969. Leo naitaja kwa sababu ya watoto wanaoletwa pale taya likiwa limevimba.

Historia ya ugonjwa wao inaanzia ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Muda si mrefu akiwa Jinja akamwona mtoto mwingine wa namna ileile, akashtuka: mara mbili haiwi sadfa. Mwaka 1958 akaandika alichokiona. Akaanza kuuliza hospitali za Afrika nzima nani amewaona watoto hao, na mwaka 1961 akaingia barabarani na wenzake wawili kwa gari, safari ndefu ya kuelekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Picha iliyotoka ni kwamba ugonjwa unapenda nchi za joto, zenye mvua, zisizo za mwinuko mkubwa. Nchi za malaria, kwa neno moja. Nyanza yetu imo humo. Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Epstein akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakakuta ndani yake virusi ambavyo hakuna aliyekuwa amevijua. Vikaitwa Epstein-Barr.

Virusi hivyo vinaishi wapi? Kwa sehemu kubwa ndani ya chembe nyeupe za damu, lakini njia yao ya kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine ni mate, na humo ndimo utando wa kinywa unapoingia kwenye hadithi. Kirusi kikiwa ndani ya seli changa ya utando hakifanyi fujo. Seli inapopanda na kukomaa, kirusi huamka na kuanza kujizalisha kwa wingi, na seli inapofika juu na kubanduka, kirusi humwaga watoto wake kwenye mate. Kimeisoma kalenda ya kinywa na kuitumia. Mama anapomtafunia mtoto chakula, anapomlambishia kijiko, virusi vinapita. Nisikutie hofu: zaidi ya watu wazima tisa kwa kila kumi duniani wamebeba virusi hivi, wengi wao bila kuumwa, na mama hana kosa. Kinachobadilisha mambo hapa kwetu ni malaria ya kila mara, inayoichosha kinga ya mtoto. Watafiti waliwahi kulinganisha watoto wachanga wa Kisumu na wa Nandi, kule juu ambako mbu ni wachache, wakakuta wa Kisumu wanaambukizwa mapema zaidi na kubeba virusi vingi zaidi. Kwa hiyo chandarua kinachomkinga mtoto na mbu kina uhusiano na taya lake.

Uvimbe wa Burkitt ndio unaokua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu. Wingi wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno ya mtoto yanalegea ghafla, jicho linasukumwa. Mama akimwona mtoto hivyo asingoje soko la wiki ijayo. Na kuna habari njema ambayo haitangazwi ya kutosha: ugonjwa huu unasikia dawa, na watoto wengi wakiwahishwa na kumaliza matibabu wanapona kabisa.

Lakini dawa hizo zina bei ambayo mtoto hulipa kwa kinywa. Dawa nyingi za saratani hufanya kazi kwa kuzikamata seli zinazogawanyika. Hazijui hii ni seli ya uvimbe na hii ni seli mama ya shavu. Zote zinagawanyika, zote zinapigwa. Moja ya dawa za zamani za ugonjwa huu, methotreksati, huziba njia ya foleti, vitamini ambayo seli haiwezi kunakili DNA yake bila kuwa nayo. Siku ya kwanza baada ya dripu mtoto anacheka, kinywa kizima, kwa kuwa tabaka za juu zilikwisha kuwa tayari na bado ziko mahali pake. Zinaendelea kubanduka kama kawaida. Chini hakuna kinachopanda kuzirithi. Ikifika siku ya tano, ya saba, ya kumi, akiba imekwisha, utando umekuwa mwembamba na mwekundu, kisha unapasuka. Mtoto anakataa uji. Anakataa hata maji. Anatoa mate yanayovutana kwa sababu kumeza kunamuumiza.

Mama wa mtoto huyo anapaswa kuambiwa mapema, kabla ya dripu ya kwanza, kwamba vidonda hivyo vinakuja, vinatoka wapi, na kwamba vitaondoka. Akiachwa bila kuambiwa atadhani ugonjwa umehamia kinywani, au kwamba dawa inamuua mwanawe, na atambeba mgongoni ampeleke nyumbani. Matibabu yanakatikia hapo. Nalisema hili kwa uzito wote: dakika tano za kumkalisha mzazi na kumweleza jinsi kinywa kinavyojijenga upya ni sehemu ya tiba. Kinywa kisukutuliwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara nyingi kwa siku, mswaki uwe laini, uji upoe, ndimu na pilipili zikae mbali, na wauguzi waambiwe mapema mtoto akishindwa kunywa. Wiki mbili au tatu baadaye seli mama zilizosalimika zimeshapandisha kizazi kipya, na mtoto anaomba chakula.

Foleti niliyoitaja haiko kwenye maabara peke yake. Imo kwenye osuga, imo kwenye boo na dek, mboga ambazo mama mboga wa Kondele anazichambua mbele yako kwa shilingi chache. Omena anayeliwa mzima na kichwa chake anakupa vitamini B12, chuma na zinki. Mtu aliyepungukiwa na vitu hivyo, kinywa chake huwa miongoni mwa vya kwanza kusema: ulimi unakuwa laini usio na vinyweleo vyake, unawaka, pembe za mdomo zinapasuka na kuuma ukipiga miayo. Wajawazito wanapewa tembe za chuma na foliki kliniki, na watoto wenye selimundu, ambao hapa kwetu ni wengi, hupewa foliki kwa sababu miili yao inatengeneza damu kwa kasi isiyo ya kawaida. Tembe hizo zisibaki kwenye droo.

Sasa nije kwenye lile swali la pili, kushindwa kwa kinywa.

Mmewaona nyanya zetu wengine wa ufukweni wanaovuta sigara huku moto uko ndani. Wanaigeuza, ncha inayowaka inaingia kinywani, midomo inafungwa, na bado wanazungumza na kuchambua omena. Ni ustadi wa ajabu kuutazama. Ukimwomba nyanya afungue kinywa utaona kaakaa lake limegeuka jeupe, limekuwa gumu na lenye mikunjo, na katikati ya weupe huo kuna vitone vyekundu, ndiyo midomo ya tezi ndogo za mate iliyovimba. Utando umefanya unachokijua: umepigwa na joto na moshi kila siku, ukajikaza, ukazidisha keratini. Kwa miaka mingi huo ni ulinzi. Lakini katika jimbo la Andhra Pradesh kule India, ambako wanawake wengi nao walivuta hivyo, madaktari wameandika tangu zamani jinsi weupe huo unavyoweza kugeuka saratani ya kaakaa, sehemu ambayo kwa watu wengine ni nadra kupata saratani.

Kwa nini utando unaojitupa kila wiki tatu upate saratani? Ungedhani kila seli iliyoharibika itabanduka na kumezwa pamoja na uharibifu wake. Kwa kweli ndivyo inavyokuwa mara nyingi sana, na ndiyo maana wengi wetu tunazeeka na vinywa vizima. Hatari iko chini. Moshi wa tumbaku, ile tumbaku ya kuber inayobanwa kati ya mdomo na ufizi, pombe ya chang'aa inayoulainisha utando ili sumu ya tumbaku ipenye vizuri zaidi, vyote vikiifikia seli mama na kuingiza kosa kwenye nakala yake ya DNA, kosa hilo halipandi likaondoka. Linabaki chini na kuzaa. Kila kizazi kinachopanda kutoka hapo kimelirithi. Tumbaku na pombe kwa pamoja huleta hatari kubwa kuliko hatari ya kimoja ukijumlisha na ya kingine. Na anayekunywa chai au uji wa moto kupindukia aelewe kwamba koo la chakula limefunikwa kwa utando wa aina hiihii: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Acha chai ipoe kidogo. Utamu wake hautoroki.

Na hapa ndipo kalenda inapotufaa. Kama utando wenye afya hujijenga upya kwa wiki mbili hadi tatu, basi kidonda cha kawaida, cha mfupa wa samaki, cha kujiuma, cha jino lenye ncha, au vile vidonda vidogo vyeupe vinavyowaka ambavyo wengine wetu huvipata mara kwa mara, kinapaswa kuwa kimefunga ndani ya muda huo. Kisipofunga, kuna kitu kinachokizuia. Huenda ni jino linalokwaruza palepale kila siku. Likilainishwa, kidonda kitafunga. Huenda ni upungufu wa damu, au kinga iliyoshuka. Na huenda seli zinazopanda si zile tunazozitaka. Daktari hutofautisha hayo kwa kuangalia, kwa kupapasa, na ikibidi kwa kukata kipande kidogo cha nyama kipimwe.

Tunachofanya wengi wetu ni kwenda duka la dawa, kununua ile dawa ya zambarau, kupaka, kusubiri, kurudi, kununua vidonge, kusubiri tena. Miezi minne inakwisha hivyo. Kinachotudanganya ni kukosa maumivu, maana saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi kabisa, na mtu husema kama haiumi si kitu. Kile kidonda kidogo kinachokuliza kwa ndimu mara nyingi hakina shari. Kile cha ubavuni mwa ulimi kilichotulia, kigumu pembeni, kisichouma, ndicho cha kukimbiza hospitalini. Vivyo hivyo kwa weupe: utandu unaofutika kwa kitambaa ukaacha wekundu chini yake huwa ni fangasi, una dawa, na kwa mtu mzima ni sababu nzuri ya kupima virusi vya Ukimwi. Weupe usiofutika, au baka jekundu lisilotoka, huo ni wa daktari.

Kwa hiyo kesho asubuhi, ukimaliza kupiga mswaki, washa tochi ya simu na usimame mbele ya kioo. Vuta shavu la kulia, kisha la kushoto. Geuza mdomo wa chini nje. Toa ulimi, uushike kwa kitambaa, tazama ubavu wake mmoja, halafu wa pili, halafu uuinue utazame chini yake. Rudisha kichwa nyuma utazame kaakaa. Mwangalie na nyanya, hasa kama anavuta moto ndani, na mzee wa nyumbani anayebana tumbaku. Ukikuta kidonda, baka au uvimbe, andika tarehe kwenye simu. Wiki tatu zikipita na bado kipo, nenda kliniki ya meno ya Russia au hospitali ya serikali iliyo karibu nawe, na ukifika usiombe dawa ya kupaka. Mwambie daktari kimeanza tarehe gani, kisha umwombe akiangalie.